Safari ya Siku Moja Katika Mto wa Majoka Tisa

Katika pembe ya kusini kabisa ya nchi ya Vietnam iko nchi tambarare isiyo na mlima wala jabali, isipokuwa vilima vichache vilivyo karibu na mpaka wa Kambodia. Nchi hiyo imeumbwa kwa matope. Mto Mekong, utokao nyanda za juu za Tibet na kupita China, Myanmar, Laos, Thailand na Kambodia, umeyachukua matope hayo katika safari ya zaidi ya kilometa 4,300, ukayatua mahali unapokutana na bahari. Kazi hiyo umeifanya kwa maelfu ya miaka, na pato lake ni nchi yenye eneo la kilometa za mraba kama 40,000, ikaliwayo na watu wapatao milioni 17.

Wenyeji huuita mto huo Cuu Long, maana yake Majoka Tisa, kwa kuwa zamani ulihesabiwa kuwa na milango tisa ya kuingilia baharini. Hesabu hiyo si sawa tena. Milango mingine imezibwa na mchanga, na ule wa Ba Lai umefungwa kwa boma lililojengwa ili kuzuia maji ya chumvi. Lakini jina halikubadilishwa, wala si ajabu, kwa maana joka kwa watu wa huko si nyoka wa kuogopwa, bali ni mnyama wa heri aletaye mvua.

Mtu atakaye kuyaona maisha ya watu hao hana budi kusafiri majini, na mahali pafaapo kuanzia ni mji wa Can Tho, ulio kando ya Hau, mmojawapo wa matawi mawili makubwa ya Mekong. Mji huo uko mwendo wa kilometa kama 160 kutoka Ho Chi Minh City, uliokuwa ukiitwa Saigon mpaka mwaka 1976. Abiria huamshwa mapema, kwa kuwa mashua huondoka katika gati ya Ninh Kieu saa kumi na moja za alfajiri, na achelewaye atakuta wachuuzi wamekwisha maliza kazi zao.

Mashua yenyewe ni nyembamba, ya mbao, nayo ina injini ndogo iliyoshikamana na mti mrefu wa chuma uendao nyuma mpaka majini, na rafadha iko kwenye ncha ya mti huo. Watu wa huko huiita injini ya namna hii “mkia wa kamba”, yaani kamba yule aliwaye, si kamba ya kufungia mizigo. Faida yake ni kwamba nahodha aweza kuuinua mkia huo mara moja apitapo kwenye maji haba au penye magugu. Na magugu yapo tele. Gugu maji lile lile lililowasumbua wavuvi wa Kisumu na Homa Bay tangu miaka ya 1990 huelea katika mito ya Vietnam kama mashamba yanayotembea. Hata hivyo wenyeji hawalitazami kwa chuki tupu. Hulivuta, huyakausha mashina yake juani, na kuyasukia vikapu, mikeka na viti viuzwavyo mpaka nchi za ng’ambo. Akina mama wengi wa vijijini hupata fedha za matumizi kwa kazi hiyo.

Kulipopambazuka, soko la Cai Rang huonekana mbele, kilometa sita hivi kutoka mjini. Kwa mbali mtu hudhani ameona msitu wa miti iliyokauka imesimama katikati ya mto. Akikaribia ndipo atambuapo kuwa ni miti ya mianzi iliyosimamishwa juu ya mashua, na juu ya kila mwanzi kimetundikwa kitu: nanasi, boga, kabichi, kiazi kitamu, au fungu la vitunguu. Hiyo ndiyo alama ya biashara. Katika mto mpana wenye kelele za injini haifai kunadi kwa sauti, kwa hiyo mwenye mali huinua juu kile akiuzacho, na mnunuzi hukiona tangu mbali.

Lakini desturi hiyo ina mafumbo yake. Wako wauzao kitu wasichokitundika, nao ni wale wa chai, kahawa na supu ya tambi, kwa maana supu haitundikiki. Viko na vitu vitundikwavyo visivyouzwa, navyo ni nguo za watu wa chomboni zilizofuliwa na kuanikwa. Tena iko alama moja ambayo mgeni hawezi kuitambua asipoambiwa. Mashua ikitundika jani kavu la mnazi, kiuzwacho si mnazi wala nazi, bali ni mashua yenyewe. Yasemekana kwamba asili yake ni majani ya kuezekea: mwenye kuuza mashua auza nyumba yake, basi hutundika kipande cha paa.

Na kweli mashua hizo ni nyumba. Nyuma, karibu na tezi, mtu ataona jiko la mkaa, televisheni, mbwa aliyelala, vyungu vya maua, na mtoto akipiga mswaki juu ya maji. Mbele, katika omo, yamechorwa macho mawili makubwa. Wazee husema kwamba macho hayo huiongoza mashua na kuwatisha wanyama wabaya wa majini. Wasomaji wa Lamu hawatastaajabu, kwa kuwa mitepe na majahazi ya kwao pia yalitiwa macho. Mashua kubwa hutia nanga na kuuza kwa jumla. Vidau vidogo huja kando yake, na matikiti hurushwa moja moja kutoka mkono hata mkono, na mhesabuji huimba hesabu yake asipotewe na hata moja. Mwanamke wa supu hupita katikati ya vurugu hiyo akiwa na sufuria ichemkayo, naye hukabidhi bakuli lililojaa pasipo kumwaga hata tone.

Mwaka 2016 soko la Cai Rang liliandikwa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa taifa la Vietnam. Heshima hiyo ilikuja wakati ambapo soko lenyewe lilikuwa linapungua. Waliolijua miaka ishirini iliyopita wasema kwamba mashua zilijaa mto kutoka ukingo hata ukingo. Siku hizi asubuhi nyingine mashua za watalii ni nyingi kuliko za mananasi. Sababu haikufichika. Zamani hapakuwa na njia nyingine ya kufikisha mazao sokoni, na palipokuwa na barabara ilikatwa na mito ambayo malori yaliivuka kwa pantoni, yakingoja saa nyingi. Mwaka 2000 lilifunguliwa daraja la My Thuan juu ya tawi la Tien, na mwaka 2010 daraja la Can Tho juu ya tawi la Hau. Daraja hilo la pili lilileta msiba kabla ya kuleta faida: tarehe 26 Septemba, 2007, sehemu yake iliyokuwa ikijengwa ilianguka, na wafanya kazi zaidi ya hamsini wakafa. Lilipokwisha, lori liliweza kupakia matunda shambani na kuyafikisha Ho Chi Minh City kwa saa chache. Tena ukuta umejengwa kandokando ya mto ili kuzuia mmomonyoko, na wenye maduka ya nchi kavu hawawezi tena kuteremka kwa urahisi kuchukua mali mashuani.

Serikali ya mji wa Can Tho imetunga mpango wa kulihifadhi soko, na nia yake ni njema. Lakini wazazi walio wengi hawataki watoto wao wakue majini. Mtoto wa mashuani huhama na mali ya wazazi wake, leo hapa, juma lijalo mto mwingine, na shule haimfuati. Yule apataye kiwanja kidogo cha nchi kavu, hata kama nyumba yake ni ya mabati, humpeleka mwanawe darasani, na jani la mnazi hupanda juu ya mwanzi. Wageni husikitika waonapo hivyo. Ila si haki kumtaka mtu akae juu ya maji maisha yake yote ili wengine wapate picha nzuri.

Baada ya soko mashua huacha mto mkubwa na kuingia katika mifereji. Hapo sauti hubadilika. Injini huzimwa, na abiria huhamia katika kidau kiendeshwacho na mwanamke mmoja. Yeye hukaa tezini, amesimama wima na kuelekea mbele, ameshika makasia mawili yapishanayo kifuani, na kuyasukuma kwa uzito wa mwili wake wote. Kichwani amevaa kofia ya majani, pana chini na yenye ncha juu kama paa la msonge, na shingoni kitambaa cha miraba. Kofia hiyo humkinga na jua, humkinga na mvua, na akiona kiu akiwa mbali na nyumbani huifanya kata ya kutekea maji.

Pande zote mbili zimeota miti ifananayo na minazi isiyo na shina, ambayo makuti yake hutoka moja kwa moja matopeni. Wenyeji huiita “mnazi wa maji”, na majani yake huezekea nyumba kama makuti ya Pwani. Hapa na pale kuna “daraja la kima”, nalo ni mwanzi mmoja wa kukanyagia na mwingine mwembamba wa kushikia. Wanakijiji hulivuka na mizigo begani, hata watoto. Mgeni hulivuka kwa kutambaa, watu wakicheka. Madaraja hayo nayo yanatoweka, kwa kuwa ya simiti yamejengwa mahali pengi, na pikipiki hupita juu yake mchana kutwa.

Iko desturi moja ya majina iwapendezayo wageni. Watu wa Vietnam hawaitani kwa jina tupu, ila hutanguliza neno la ujamaa, kama vile kaka, dada, shangazi au babu, hata wasipokuwa na udugu wowote. Mpaka hapo Mswahili hataona jambo geni. Lakini katika nchi hii ya kusini mtu huitwa pia kwa nambari ya kuzaliwa, na mzaliwa wa kwanza huitwa “Wa Pili”. Mtu aweza kuishi kijijini miaka mingi akimwita jirani yake Kaka wa Pili au Dada wa Tano, asijue jina aliloandikiwa shuleni. Sababu ya kumruka Wa Kwanza husimuliwa kwa namna nyingi, na kila mzee ana yake.

Haya mafereji hayakujichimba. Asili ya nchi hii ilikuwa ya Wakhmer, watu wa Kambodia, ambao wangali wako wengi huko pamoja na mahekalu yao ya Kibudha. Na kabla yao ulikuwako ufalme wa kale ambao bandari yake, Oc Eo, ilichimbuliwa na Mfaransa Louis Malleret mwaka 1944. Katika vitu alivyovipata kulikuwa na nishani za dhahabu zenye sura ya mfalme wa Roma. Wavietnam walianza kuingia kwa wingi katika karne ya 17. Mwaka 1819 mfalme Gia Long aliamuru uchimbwe mfereji wa Vinh Te, kutoka Chau Doc mpaka Ha Tien, urefu wa kilometa zaidi ya 80. Msimamizi wake alikuwa Nguyen Van Thoai, na kazi ilikwisha mwaka 1824, baada ya kifo cha mfalme aliyeianzisha. Maelfu ya watu, Wavietnam na Wakhmer, walilazimishwa kuchimba kwa majembe na vikapu, na wengi walikufa kwa homa na taabu. Wafaransa, waliokwisha itwaa nchi hiyo yote ya kusini mwaka 1867, walileta mitambo, wakachimba mingine, kama ule wa Xa No uliofanywa baina ya mwaka 1901 na 1903 ili mpunga upate kushuka mpaka Saigon. Vita vilivyofuata, mpaka mwaka 1975, vilipiganwa katika mifereji hiyo hiyo, na miti mingi ya mikoko iliuawa kwa dawa zilizomwagwa na ndege.

Kando ya mfereji mmoja kuna kiwanda kidogo cha tambi, nacho chastahili kutazamwa taratibu. Mchele hulowekwa, husagwa na kuchanganywa na wanga wa muhogo ukawa uji mwepesi. Sufuria kubwa ya maji ichemkayo imefunikwa kwa kitambaa kilichokazwa kama ngoma. Mpishi huteka uji kwa upawa, huutandaza juu ya kitambaa kwa kuzungusha mkono mara mbili tatu, kisha hufunika. Kabla ya muda wa dakika mbili uji umekuwa duara jembamba kama karatasi. Mwenzake huliinua kwa kigogo cha mwanzi, hulitandaza juu ya chanja, na chanja hupelekwa juani. Jioni maduara hayo hukatwa yakawa tambi. Moto wa kazi hiyo ni wa kumvi za mpunga, na majivu yake hurudishwa bustanini. Hakuna kitupwacho.

Bustani zenyewe zimetengenezwa kwa akili nyingi. Kwa kuwa nchi haiinuki juu ya maji, mkulima huchimba handaki na kurundika matope kando yake, akapata tuta refu. Hupanda miti tutani, hufuga samaki handakini, na kila mwaka huzoa matope ya chini na kuyatia juu kuwa mbolea. Humo hupatikana mabalungi, mafenesi, maembe, duriani ambalo harufu yake imelifanya likatazwe katika hoteli nyingi, na mashokishoki yajulikanayo Unguja na Mombasa. Chakula cha mchana huliwa hapo hapo. Samaki mpana aitwaye “sikio la tembo” hukaangwa mzima na magamba yake, husimamishwa mezani kama aogeleaye, na kila mlaji humega nyama yake, huifunga kwa karatasi ya mchele pamoja na majani mabichi, na kuichovya katika mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi. Harufu ya mchuzi huo humshinda mgeni siku ya kwanza. Siku ya tatu huutafuta.

Mtu wa Pwani angefurahi zaidi kufika Ben Tre, uliokuwa mkoa wa peke yake mpaka ulipounganishwa na Vinh Long mwaka 2025. Huko ni minazi tupu. Tui hupikwa pamoja na sukari na kimea mpaka likawa peremende, kumbi husokotwa kamba, vifuu huchomwa makaa, na maji ya nazi hutiwa makoponi.

Nje ya bustani ni mpunga, mpaka macho yachoke. Mahali pengi huvunwa mara mbili kwa mwaka, na pengine mara tatu. Zaidi ya nusu ya mpunga wote wa Vietnam hutoka katika nchi hii, pamoja na sehemu kubwa sana ya mchele uuzwao ng’ambo, na mwingine hufika Afrika. Lakini neema hiyo si ya zamani. Baada ya vita mashamba yaliunganishwa kwa amri, mavuno yakapungua, na wadudu wakashambulia mpunga. Profesa Vo Tong Xuan wa Chuo Kikuu cha Can Tho aliwafundisha wanafunzi wake kupanda mbegu mpya isiyodhuriwa na wadudu hao, na wanafunzi wakaacha madarasa kwa muda wakaenda vijijini, kila mmoja na mbegu kidogo mkononi. Mwaka 1986 serikali ilianza kulegeza amri zake, wakulima wakarudishiwa uhuru wa kulima na kuuza, na kufikia mwaka 1989 nchi iliyokuwa ikiagiza chakula iliuza nje mchele zaidi ya tani milioni moja. Profesa huyo alifariki mwaka 2024, akiwa amekwisha kwenda pia Sierra Leone kuwasaidia wakulima wa huko.

Mavuno hayo yote hutegemea mafuriko. Masika yanapokuwa makubwa, Mekong hujaa hata maji yake husukuma nyuma mto Tonle Sap wa Kambodia, nao hugeuka na kutiririka kuelekea ziwani. Kiangazi maji hayo hurudi polepole na kuwanywesha walio chini. Watu wa Mekong hawakimbii gharika hiyo. Huuita msimu wa maji kuinuka, na huungoja, kwa sababu huleta samaki na matope mapya. Sasa mabwawa makubwa ya umeme yamejengwa juu, China na Laos, na matope hunaswa humo. Mchanga wa mtoni nao huchimbwa kwa ujenzi wa nyumba na barabara, na kingo huporomoka na nyumba zilizo juu yake. Visima vya kina vimefyonza maji ya chini, na nchi inadidimia, hali kwa wastani haizidi meta moja juu ya bahari. Mwaka 2016, na tena mwaka 2020, maji ya chumvi yalipanda mtoni mbali kuliko kawaida, mpunga ukaungua, na watu wakanunua maji ya kunywa katika nchi ya mito. Wakulima wengine wa mwambao wameacha mpunga, wakafuga kamba. Wapo waliotajirika, na wapo ambao kamba wao walikufa wote kwa ugonjwa katika juma moja.

Mashua hurudi Can Tho alasiri, ikifuatana na maji yajaayo. Majahazi ya mpunga yenye kina kirefu hupita, yamezama hata ubao wa juu unakaribia maji. Penye nyumba za kando ya mto husikika zeze na kinanda cha nyuzi katika muziki uitwao don ca tai tu, ulioandikwa na UNESCO mwaka 2013 kuwa urithi wa utamaduni wa wanadamu usioshikika, lakini wenyeji huupiga kwa sababu kazi ya siku imekwisha na majirani wamekuja. Ikiwa ni miezi ya Oktoba na Novemba, wakati wa bamvua, mto haukomi kwenye gati. Hupanda katika njia za mji, pikipiki huzimika, na wenye maduka huinua magunia ya mchele juu ya meza, wakaketi mlangoni miguu yao ikiwa majini, wakingoja yapwe.